Mkono Chini ya Triumph ya Papa Clément

Wiki iliyopita tulimwacha Gauthier amelala chali chini ya motokari, mkono wake umeshika mguu wa mtu.

Mguu ule haukuwa wa Chishimba.

Ulikuwa laini. Ulikuwa umevaa kandambili nyekundu ya plastiki, na juu yake kulining'inia ukingo wa kikwembe cha maua ya manjano. Chishimba, rafiki yake, ni fundi wa mota. Chishimba havai kikwembe.

"Chishimba, simama nguvu nitoke!" Ndivyo Gauthier alivyokuwa amesema, macho yake yamejaa vumbi la kutu. Triumph ile iko chini sana, mtu mzima hawezi hata kugeuka ubavu chini yake. Kwa hiyo Gauthier hulala juu ya katoni, na akitaka kutoka hushika kifundo cha mguu wa mwenzake na kujivuta. Wamefanya kazi hivyo tangu walipoanza. Leo alisikia hatua, akanyoosha mkono, akashika, akavuta.

"Mawee! Mawee, nakufa!"

Sauti hiyo aliijua, ingawa haikuwahi kumwambia neno.

Ilikuwa sauti ya Mama Marie-Thérèse, mama mzazi wa Plamedie. Mama mkwe wake!

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, jua hili tu. Jumamosi Gauthier anamwoa Plamedie. Baba yake Plamedie, Papa Clément, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alikubali mahari yote, kisha akaweka sharti lake mwenyewe. Katika lupango yake, yaani kiwanja cha nyumba yake, hapa mtaani Kamalondo, ilikuwa inaoza Triumph ya viti viwili, volani, yaani usukani, upande wa kulia. Mwingereza mmoja alivuka nayo mpaka wa Kasumbalesa zamani, akamwachia, hakurudi. Kuku walitagia ndani yake. "Ile motokari njo itamutoa binti yangu hapa mupaka ku kanisa," alisema Papa Clément. "Kwa nguvu yake yenyewe. Mukiisukuma, hakuna ndoa."

Gauthier na Chishimba wakaivuta ndani ya banda la uani, wakaifumua yote. Sakafu iliyoliwa na kutu wakaishona upya kwa bati la pipa. Spoku za magurudumu wakazinyoosha moja moja. Wakaipaka rangi ya kijani, na Jumapili mota yake ikaimba kwa mara ya kwanza.

Na sasa, mguu.

Kwa watu wa kaskazini mwa Katanga, kama familia hii, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mmoja anakata kona. Ni heshima kubwa kuliko zote. Ndiyo maana kila asubuhi Gauthier hugonga geti kwa ufunguo wake wa chuma, ule wa kufungulia nati, ngwe, ngwe, ngwe, na Mama Marie-Thérèse huingia ndani na kufunga mlango wa jiko.

Leo hakugonga. Alikuwa ametoka mjini kutafuta buji, plagi ya mota, akakata njia kupitia tundu la ukuta wa nyuma, akajitupa chini ya motokari. Hakuna aliyejua kwamba amerudi. Mama Marie-Thérèse aliona kimya, akaja kunyemelea kidogo, aone kiti kipya kilivyoshonwa. Hajawahi kuketi ndani ya motokari ile hata siku moja.

Mama alikimbia akilia, "Amenishika muguu!" Kandambili moja ikabaki kando ya shavu la Gauthier, imepinduka.

"Nani iko humu? Nani alimushika bibi yangu muguu?"

Papa Clément alikuwa mlangoni mwa banda, ameshika mchi wa kutwangia majani ya sombe. Wakati huohuo Chishimba aliingia mbio kutoka barabarani kwa upande wa nyuma wa banda, mzee asimwone, amesikia kelele.

Gauthier alitaka kusema. Mdomo wake ulifunguka. Vumbi la kutu likaingia, na hakuna kilichotoka.

Chishimba alimtazama mzee. Akaitazama kandambili. Kisha akaona soli za viatu viwili zinatokeza nyuma ya gurudumu. Akasogea taratibu, akasimama mbele ya viatu vile.

"Njo miye, papa."

"Weye?"

"Njo miye. Nilikuwa chini ya motokari. Nilizania ni muguu ya meza."

"Muguu ya meza!" Mchi ulipanda juu. "Bibi yangu iko meza?"

"Hapana, papa. Vumbi ilikuwa mu macho."

"Nilisema huyu kijana iko na akili. Nilikupa chai yangu, nilikupa kiti yangu! Toka! Toka mu lupango yangu!"

"Papa, acha nikuambie neno moja tu..."

"Hata moja! Hata nusu!"

Alimsukuma mpaka nje ya geti. Majirani walikwisha kupanga vichwa juu ya ukuta.

"Chishimba! Ile meza ilikuwa ya mbao gani?"

"Wacheni fundi, alikuwa anapima tu!"

"Kuya upime na ya kwetu, iko natingishika!"

Wakacheka mpaka mmoja akateleza kutoka juu ya tofali. Chishimba alijipangusa, akaweka begi lake begani, akaenda bila kugeuka. Watoto wa avenue, yaani barabara ya mtaa, wakamfuata nyuma wakiimba: muguu ya meza, muguu ya meza.

Na Gauthier?

Msomaji, naona haya kuandika alichofanya Gauthier.

Alijivuta kwa shida, akishika mhimili wa gurudumu, mpaka upande wa pili. Akapita tena katika tundu la ukuta. Akanawa mikono kwenye bomba la jirani, akapangusa viatu vyake kwa majani, akazunguka kona yote ya avenue. Kisha akafika mbele ya geti kama mtu anayetoka mjini, akatoa ufunguo wake wa chuma, akagonga.

Ngwe, ngwe, ngwe.

"Papa, jambo," alisema. "Batu beko nacheka juu ya nini?"

Papa Clément alikuwa ameketi juu ya tairi, bado anahema. "Mutoto yangu, ikala. Rafiki yako alituletea haya. Alimushika mama yako muguu."

"Chishimba?" Gauthier aliuliza. "Chishimba anaweza kufanya ile?"

"Chishimba! Hata miye nilishangaa."

Mzee akamwekea mkono begani. "Weye njo muntu ya heshima. Kila siku unagonga geti, mama anasikia, anaingia mu nyumba. Anakusifu kabisa."

Masikio ya Gauthier yaliwaka moto. Aliinama akajifanya anatafuta kitu sakafuni. Kandambili ilikuwa bado pale. Aliiruka kama mtu anavyoruka nyoka.

Papa Clément alipoingia nyumbani kumtuliza mkewe, Plamedie alitokea. Mkono mmoja alibeba kapu la soko. Mkono mwingine alishika kitumbua kilichofungwa kwa karatasi.

"Kuya huku," alisema, akamvuta nyuma ya banda.

"Plamedie, ulisikia kile Chishimba alifanya?"

"Nilisikia. Wakati mama alilia, Chishimba alikuwa wapi?"

"Chini ya motokari. Papa alisema."

"Papa alisema. Miye niko nakuuliza weye."

Plamedie akaweka kapu chini.

"Chishimba alikuwa na miye pa avenue," alisema. "Pale kwa mama wa bitumbua. Alikuwa anamubembeleza amuongezee moja ya bure, sawa kawaida yake. Mama yetu akalia huku mu lupango, tukasikia sisi wote. Chishimba akanirushia kitumbua mu mukono, akakimbia. Njo hii. Shika. Iko bado moto."

Gauthier hakushika.

"Sasa, muntu moja anaweza kukula bitumbua pa avenue na kulala chini ya motokari wakati moja?"

"Hapana."

"Basi ilikuwa nani?"

Kulikuwa na kuku anaparua mchanga pale. Gauthier alimtazama kuku yule muda mrefu, kama vile kuku ndiye angejibu.

"Njo miye," alisema.

Plamedie hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliketi juu ya kapu lake, nyanya zote zikapondeka chini yake, naye hakujali.

"Nilikuwa nafikiri ni Chishimba," Gauthier alisema haraka haraka. "Nakuapia. Nilishika tu nitoke. Kisha yeye mwenyewe akasema ni yeye, miye sikumutuma. Na baba zako wadogo banafika kesho. Bakisikia mukwe alimushika mama muguu, batavunja ndoa. Unabajua."

"Nabajua."

"Kwa Chishimba ni bahati mubaya. Kwa miye ni..."

"Gauthier. Unajua niko nasikia haya juu ya nini? Haina juu ya muguu. Muguu tungelia kidogo, tungelipa mbuzi, kesho tungecheka. Niko nasikia haya juu ulizunguka avenue yote ukakuya kugonga geti."

Hapo Gauthier alifunika uso kwa mikono yake miwili. Mikono ilinuka sabuni ya jirani.

"Niliambia barafiki yangu bote," Plamedie aliendelea, sauti yake inashuka. "Niliwaambia, Gauthier hana feza mingi, lakini hajui uongo. Sasa nitawaangalia namna gani?"

"Nisamehe."

"Haina miye wa kuomba. Sema mbele ya mama na mbele ya papa, leo, jua ikiwa bado iko. Kama hausemi, miye siingii mu ile motokari. Hata ikiimba sawa korale ya Pasaka."

Ndivyo ilivyokuwa, msomaji. Akisema, huenda akakosa ndoa. Akinyamaza, amekwisha kuikosa.

Lakini aseme kwa njia gani? Mkwe hazungumzi na mama mkwe. Neno lolote hupita kwa mjumbe wa ndoa, anayechukua la huku na kulipeleka kule. Na mjumbe wa Gauthier, aliyechaguliwa tangu siku ya kwanza ya posa, ni nani?

Chishimba.

"Sina muntu wa kunisemea," Gauthier alisema.

Plamedie alisimama, akakung'uta nyanya kwenye kikwembe chake. Alitazama ndani ya banda.

"Nkambo yangu, mama ya papa, alikuwa anasema na chungu," alisema. "Akitaka kumuambia mukwe wake kitu, anageukia chungu: chungu, ambia huyo mwanaume alete kuni. Na mukwe iko pale, anasikia. Weye utasema na motokari."

Jua lilikuwa limeanza kuelekea upande wa bomba la moshi la Gécamines, kiwanda cha shaba, walipoweka kiti. Mama Marie-Thérèse aliketi upande mmoja wa Triumph, mgongo ameugeuzia motokari, kikwembe amekivuta mpaka kichwani. Gauthier alisimama upande wa pili, mgongo naye ameugeuza. Kati yao, motokari ya kijani, taa zake mbili za mviringo zinatazama mlangoni. Papa Clément aliketi juu ya tairi lake, haelewi kitu.

"Hii ni nini?" aliuliza. "Mutu anataka kusema na chuma?"

"Papa, ngojea," Plamedie alisema.

Vichwa vya majirani vilirudi juu ya ukuta. Hakuna aliyewafukuza.

"Motokari," Gauthier alianza. Akakohoa. "Motokari, ni miye Gauthier."

"Inakujua!" mtu alisema kutoka ukutani. Wengine wakacheka.

"Leo asubuhi nilirudi kutoka mu ville. Nilipita ku tundu ya nyuma. Sikugonga geti. Nikalala chini yako."

Kicheko kikapungua.

"Muntu mwenye alishika muguu... haikuwa Chishimba. Chishimba hakukuwa humu. Njo miye."

Papa Clément alisimama.

"Acha amalize, papa," Plamedie alimshika mkono.

Gauthier alipangusa viganja kwenye suruali. Jambo gumu bado halijatoka, na alilijua. "Motokari, na kisha nilitoka tena ku tundu. Nilinawa. Nikazunguka, nikagonga geti sawa vile natoka mu ville. Papa akaniambia ni Chishimba. Na miye nikauliza sawa vile sijui kitu."

Safari hii ukutani hakuna aliyecheka, na kimya chao kilimwingia kuliko kicheko. Mwanamke mmoja alishuka taratibu kutoka juu ya tofali, akaondoka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba ambacho hakupaswa kuingia.

Kisha sauti ikatoka chini ya kikwembe, ya chini, haina haraka.

"Motokari, ambia huyo mutoto: miye nilijua."

"Nini?" Papa Clément alibweka. "Ulijua?"

"Motokari, ambia na huyu muzee aikale." Mzee akaketi. "Muntu wa chini alisema nini kabla ya kunivuta? Alisema: Chishimba, simama nguvu nitoke. Miye niko na masikio. Nani anajiita mwenyewe jina, anajiambia asimame?"

Msomaji, maneno yale nilikuandikia juu kabisa, wewe uliyasoma ukayapita. Mama Marie-Thérèse hakuyapita.

"Nilikimbia juu ya haya," mama aliendelea. "Nilifika mu jiko, nikaosha muguu. Nikasikia Chishimba anasema njo miye. Nikasema: sasa mukwe yangu atatoka, atasema hapana. Nikangojea. Nikawasha moto ya makala. Nikasema: atatoka. Nikaweka sufuria ya bukari ku moto. Nikasema: mutoto mwenye anagonga geti kila siku hawezi kumuacha mwenzake hivi. Kisha nikasikia geti."

Akagonga ukingo wa kiti kwa kidole.

"Ngwe, ngwe, ngwe. Motokari, ambia yeye, pale njo nilisikia haya ya kweli. Muguu ilikuwa bahati mubaya. Lakini ile kugonga, ilikuwa kunigongea miye, aniheshimu kwa uongo. Nilifunika uso yangu, peke yangu, mu jiko yangu."

Gauthier alilia. Hakujificha. Alilia amesimama, mgongo kwa motokari, na machozi yakachora mistari kwenye mafuta ya mashavu yake.

"Na weye, bibi yangu, juu ya nini haukuniambia?" Papa Clément aliuliza. "Nilimutukana mutoto ya watu. Nilimuinulia muchi!"

"Nilitaka kujua binti yangu anaenda na nani. Kama ningesema miye, ningejua nini? Lakini hata miye nilikosa. Nilimuacha Chishimba anabeba, wakati najua." Alivuta kikwembe. "Motokari, ambia yeye hivi. Muguu, atalipa mbuzi, tutakula, imeisha. Lakini mbuzi haioshi jina ya Chishimba. Avenue yote beko nayo mu mudomo. Amulete hapa, amukalishe mu hii kiti, aseme tena mbele ya bale bote balicheka. Chishimba asipoikala hapa, Jumamosi hakuna kitu."

Gauthier hakungoja motokari imwambie. Alikwisha kutoka getini.

Chishimba anapanga chumba mwisho kabisa wa avenue ileile, mteremko unapokutana na barabara kubwa ya malori. Gauthier alikimbia kati ya mashine za mafundi cherehani na meza za baa. Kila alipopita, watu waligeuza shingo. Habari ilikuwa imemtangulia. Hakuna aliyeita jina lake, walimtazama tu.

Mlangoni alikuta Angélique, dada mkubwa wa Chishimba, ambaye wote humwita yaya, anapepeta mchele.

"Uko na uso ya kukuya hapa?" Angélique alisema, ungo wake haukusimama.

"Yaya Angélique, Chishimba iko?"

"Chishimba iko ku njia ya Kasomeno, kwa mama yetu. Alipanda lori. Batoto balimuimbia mupaka hapa mu mulango. Muguu ya meza! Alikula kidogo, akaweka sahani, akasema yaya, miye naenda. Muntu mwenye anawachekesha batu wote, alitoka hapa macho chini."

"Nimesema kweli, yaya. Mbele ya bote."

Ungo ulisimama. "Sasa?"

"Sasa hivi. Tafazali, mupigie simu. Yangu hawezi kuitika."

Angélique alimtazama kwa muda. Kisha akachomoa simu kutoka kwenye kikwembe kiunoni, akabonyeza, akampa bila kusema neno.

Simu ilikuwa na kelele ya upepo na lori.

"Yaya?"

"Haina yaya. Njo Gauthier."

Upepo tu.

"Chishimba, nimesema. Papa anajua, majirani banajua. Mama alijua toka asubuhi! Nilikuita jina yako, akasikia."

Kikaja kicheko, kile kicheko cha Chishimba kinachoanzia puani. "Alijua! Na miye niko juu ya magunia ya chumvi, mugongo inaniuma, juu ya uongo yenye haina hata muntu anaiamini!"

"Rudi, ndugu yangu. Wanakuomba. Miye nakuomba."

"Nitarudi. Lori ya kurudi haikosi." Sauti yake ikawa nzito kidogo. "Ungenifanyia vile vile, si ndiyo? Kama ilikuwa mama mukwe yangu?"

Gauthier alifungua mdomo. Alitafuta neno ndiyo. Hakuwa na uhakika nalo, na leo alikuwa amechoka kusema uongo. Chishimba alisikia kimya kile, akakiacha kipite.

"Sawa," alisema. "Lakini Gauthier, zile freni, ulizifunga?"

"Freni gani?"

"Freni gani? Freni ya Triumph, ya kusimamisha motokari! Nilifungua bomba zote asubuhi, weye uko mu ville. Nilimwaga mafuta ya zamani, ilikuwa matope tupu. Nilitoka pa avenue juu ya kutafuta mafuta mupya, ndipo nikasikia mama analia. Nilitaka kumuambia papa, akanikataza hata nusu ya neno."

"Ya mukono iko," Gauthier alisema.

"Ya mukono waya yake iko hapa mu begi yangu! Hakuna freni, Gauthier. Hata tone moja. Musiguse ile motokari mupaka nifike."

"Hakuna mutu ataigusa. Papa hana..."

Akakumbuka. Ufunguo wa Triumph ulikuwa umening'inia pale pale chini ya volani. Alikuwa ameondoka mbio, machozi machoni, hakuuchomoa.

"Gauthier?" simu ilisema. "Gauthier, ni nini?"

Ilikuwa mota. Mbali kidogo, mwanzo wa avenue, mota inaimba. Mtu hasahau sauti ya kitu alichokikusanya kwa mikono yake, skrubu kwa skrubu. Ilikohoa, ikashika, ikapanda.

Kisha kelele za furaha. Avenue nzima ya Kamalondo ilikuwa inamwagika nje ya milango. Mafundi cherehani waliacha mashine. Wanywaji walisimama na chupa mkononi.

"Triumph! Triumph ya Papa Clément!"

Ilitokea katikati ya watu, ya kijani, inang'aa, inakuja. Papa Clément alikuwa nyuma ya volani, kofia yake ya reli kichwani. Mzee hakuweza kungoja. Aliyemfukuza Chishimba ni yeye, naye alitaka kumwomba msamaha kwa mdomo wake mwenyewe, mlangoni pake. Na kando yake, katika kiti kipya, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa ameketi Mama Marie-Thérèse.

Nyuma ya Gauthier, kwenye barabara kubwa, malori yalipita yamefuatana, hakuna nafasi kati yao.

Aliruka katikati ya avenue, akainua mikono yote miwili.

"Freni! Papa, hakuna freni!"

"Triumph! Triumph!" watu walijibu, wakidhani anashangilia.

Mama Marie-Thérèse aliona mkwe wake amesimama mbele yake, uso kwa uso. Akafanya kama mwanamke mwenye heshima anavyofanya. Akavuta kikwembe, akafunika macho yake.

Papa Clément alimwona pia. Akacheka meno yote, akampungia mkono, akakanyaga freni ili asimame amchukue.

Gauthier aliona kicheko kile kinatoka usoni mwa mzee. Akaona bega lake linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, mguu unakanyaga tena na tena.

Motokari haikupunguza mwendo.